Utabiri wa kiintelijensia: tuupime kwa matokeo, kwa namna ulivyoandaliwa, au tumuulize bosi?

Ukiwa mtu wa kupokea ripoti zinazosema mambo yatakavyokuwa, iwe wewe ni waziri, mkuu wa wilaya mwenye kamati yake ya usalama, au msaidizi tu unayemwandalia bosi mafaili asubuhi kabla hajaingia kikaoni, kuna siku utaulizwa hizi ripoti ubora wake ukoje na tuziamini kwa kiasi gani. Hapo ndo wengi wanakwama. Mmoja atakwambia ripoti nzuri ni ile iliyotabiri ikawa, mwingine atasema hapana, angalia ilivyoandaliwa, wa tatu atasema bosi karidhika basi yatosha, na kila mmoja ana hoja yake.

Mie nipo Tanga, na haya mambo nayafatilia kwa sababu mji wetu unaamuliwa mambo mazito kwa makadirio ya namna hiyo: bandari, bomba la mafuta linalotoka Hoima mpaka Chongoleani, mpaka wa Horohoro kila Kenya wakiingia kwenye uchaguzi. Makadirio yakienda kombo anayeumia siyo aliyeandika ripoti, ni dereva wa lori aliyelala mpakani na mama aliyechukua mzigo kwa mkopo. Kwaiyo nalinganisha njia za kupima kwa ajili ya yule anayetaka kuchagua, hasa aliye ofisini na ana uwezo wa kusema kuanzia mwezi ujao tunafanya hivi. Mifano mingi ni ya Marekani, Uingereza, Kanada na Israeli, kwa sababu huko mafaili yalikuja kufunguliwa watu wakayasoma.

Kabla hujalinganisha chochote, namba

Mwaka 1951 Wamarekani walitoa makadirio yao namba 29-51 kuhusu kama Wasovieti na washirika wao wataivamia Yugoslavia. Ripoti ikasema shambulio ndani ya mwaka huo lichukuliwe kuwa ni jambo linalowezekana kwa uzito. Sherman Kent, mmoja wa wakubwa wa ile ofisi ya makadirio ya CIA, akaulizwa na ofisa wa wizara ya mambo ya nje, hivi hapa mlimaanisha kiasi gani hasa? Akajibu yeye alikuwa anafikiria kama 65 kwa 35, upande wa shambulio kutokea. Yule ofisa akashtuka, kwa sababu alivyosoma yeye alielewa uwezekano ni mdogo zaidi ya hapo kwa mbali. Kent akarudi kwa wenzake, watu walewale waliokaa meza moja wakakubaliana sentensi ile neno kwa neno, akamuuliza mmoja mmoja, majibu yakaanzia 20 kwa 80 mpaka 80 kwa 20. Ripoti moja, sahihi zote zipo, na kila mtu ana utabiri wake kichwani.

Sasa ripoti ya hivo unaipimaje? Shambulio halikutokea. Aliyemaanisha asilimia 20 atasema si nilisema, aliyemaanisha 80 atasema mie niliandika linawezekana tu, sikuandika litatokea. Wote wanatoka salama na wewe uliyeamua kwa kuitegemea ile karatasi hujui nani umwamini safari ijayo. Njia zote nitakazotaja hapa chini zinakufa mapema kama ripoti haina namba, au angalau neno lililofungwa kwenye namba. Wamarekani sasa hivi wana jedwali kwenye agizo namba 203 la idara zao za kiintelijensia, kwamba wakiandika jambo lina uwezekano wa kutokea wanamaanisha kati ya asilimia 55 na 80, uwezekano mkubwa sana ni 80 mpaka 95, haielekei kutokea ni 20 mpaka 45, na kadhalika. Waingereza wana kipimo chao cha jinsi hiyohiyo, mipaka tu inapishana kidogo. Usianze kubishana njia ipi ya kupima ni bora wakati hili hujalifanya.

Njia ya matokeo: weka hesabu, subiri, linganisha

Hii imetoka kwa watu wa hali ya hewa. Glenn Brier, mtaalamu wa Marekani, aliiandika mwaka 1950 na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Chukua uwezekano uliotaja, tuseme 0.8. Jambo likitokea linaandikwa 1, lisipotokea 0. Toa moja kwa nyingine, jibu ulizidishe kwa lenyewe. Ulisema 0.8 likatokea, unapata 0.04. Ulisema 0.8 halikutokea, unapata 0.64. Ndogo ndo nzuri. Na anayekaa nusu kwa nusu kila siku ya Mungu anapata 0.25 litokee lisitokee, kwaiyo hiyo 0.25 ndo ukuta, ukiwa juu yake bora ungenyamaza.

Ona inavyofanya kazi. Una wachambuzi wawili, wote wameulizwa maswali yaleyale kumi, na katika hayo kumi mambo saba yametokea. Wa kwanza ni mtu wa kujiamini, kila swali alisema asilimia 90. Wa pili alisema 70. Ukiangalia kienyeji wote wamepata saba kati ya kumi, tena yule wa kwanza kikaoni ndo aliyependwa maana anaongea kwa uhakika. Piga hesabu sasa: wa kwanza yale saba yanampa 0.01 kila moja, yale matatu 0.81 kila moja, jumla 2.5, gawa kwa kumi ni 0.25. Yaani na kujiamini kwake kote hana tofauti na mtu aliyekuwa anasema nusu kwa nusu. Wa pili anapata 0.09 mara saba na 0.49 mara tatu, jumla 2.1, wastani 0.21. Kuna watu wamepandishwa vyeo kwa sauti tu, na hii hesabu ingewaonyesha mapema.

Na siyo nadharia, imeshafanyika kwenye kazi halisi. Kanada walichukua makadirio 1,514 kutoka kwenye ripoti za kiintelijensia za kitengo kinachoshughulikia Mashariki ya Kati na Afrika, yale ambayo wachambuzi walikuwa wameyawekea namba, wakaenda kuangalia kilichotokea. David Mandel na Alan Barnes wakachapisha matokeo mwaka 2014. Kilichoonekana ni kwamba wachambuzi walikuwa wazuri sana, walitofautisha vizuri yatakayotokea na yasiyotokea, ila walikuwa waoga wa namba: mambo waliyoyapa uwezekano wa kawaida yalikuwa yanatokea mara nyingi zaidi ya walivyosema, na waliyosema hayaelekei, kweli yalikuwa hayatokei karibu kabisa. Mie hapa ndo naipendea hii njia. Hakuna tume wala bosi angeligundua hilo, kwa sababu kosa lenyewe siyo la kuonekana kwenye ripoti moja, linaonekana ukizipanga zote pamoja. Na likishaonekana dawa yake ni rahisi, unamwambia mchambuzi pale unapoandika 75 historia yako inaonyesha unaweza kusogea juu.

Udhaifu wake upo, na siyo mdogo.

Kwanza haifai kwa tukio mojamoja. Angalia Israeli mwaka 1973. Majira ya machipuko kulikuwa na dalili Misri wanajiandaa kwa vita, mkuu wa majeshi David Elazar akapandisha tahadhari kwa gharama kubwa, mkuu wa intelijensia ya jeshi Eli Zeira akasema vita haielekei. Vita haikuja. Kwa matokeo Zeira kashinda, heshima ikapanda, na ilipofika Oktoba akasema tena uwezekano ni mdogo, watu wakamsikiliza kwa sababu mara ya kwanza alipatia. Tarehe 6 Oktoba vita ikaanza. Kumpima mtu kwa goli moja ndo kulikozaa msiba, kwaiyo ukichagua njia ya matokeo ujue umechagua kukusanya makadirio mengi na kungoja, na kama bosi wako anataka jibu wiki ijayo hii haitamsaidia.

Pili, mambo mengi tunayoyaogopa hayatokei siku nyingi. Mtu akiandika kila mwezi hakuna mapinduzi, hakuna mapinduzi, atapata alama nzuri sana mpaka siku yatakapotokea. Dawa ni kulinganisha alama zake na za mtu ambaye angetaja tu kiwango cha kawaida cha jambo hilo kutokea, ukiona hamzidi huyo basi hajakuongezea kitu.

Tatu, tahadhari. Hapa watu wa pwani tunaelewana bila kuchoreana. Aprili 2021 Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilitoa tahadhari ya kimbunga Jobo, ukanda mzima watu wakakaa roho juu, kikapoteza nguvu kabla ya kufika na watu wakaanza kusema tulitishwa bure. Mei 2024 ikaja tahadhari ya Hidaya, na hicho kikafika kweli, kikaingia upande wa Mafia, mafuriko yakapiga Kilwa na barabara ya kusini ikakatika. Mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga aliyebaki nchi kavu siku za Jobo alipoteza kipato cha siku mbili tatu, hilo halina ubishi. Lakini tahadhari ya Jobo haikuwa mbovu eti kwa sababu kimbunga kilidhoofika, ubovu ungekuwa ni kusema kina uhakika wa asilimia mia. Kwenye intelijensia ni kugumu zaidi, kwa sababu kimbunga hakisomi taarifa ya TMA kikaghairi ila adui anaweza. Ripoti inasema watashambulia, serikali inasogeza jeshi, adui anaona anarudi nyuma, mwisho wa mwaka kwenye daftari inaandikwa sifuri, wamekosea. Kwaiyo makadirio ya tahadhari yatenganishe na mengine, alafu kila moja liandikwe kwa masharti: kama hatutafanya kitu, uwezekano ni huu.

Njia ya kazi yenyewe: ripoti iliandaliwaje

Hapa husubiri matokeo. Unachukua ripoti ikiwa bado ya moto unaikagua: vyanzo vimeelezwa ubora wake? Kinachojulikana kimetenganishwa na kinachodhaniwa? Kuna maelezo mbadala yamefikiriwa? Kama msimamo umebadilika kutoka ripoti iliyopita, imesemwa kwa nini? Lile agizo la Marekani namba 203 lina viwango tisa vya namna hiyo na wana watu wa kusoma ripoti na kuzipa maksi.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba inakamata tatizo kabla ya maafa. Makadirio ya Marekani ya Oktoba 2002 kuhusu silaha za Iraki ndo mfano unaouma. Madai ya maabara za silaha za kibayolojia zinazotembea kwenye magari yalikuwa yamelalia zaidi kwa mtu mmoja, aliyepewa jina la siri Curveball, ambaye alikuwa mikononi mwa Wajerumani na Wamarekani hawakupata kumhoji wenyewe kabla ya vita. Mkaguzi mwenye orodha mkononi, bila kujua chochote kuhusu Iraki, angeuliza hili dai lina miguu mingapi? Mmoja. Na huyo mguu mmeuona? Hapana. Basi kwa nini imeandikwa mna uhakika wa hali ya juu? Hapohapo wizara ya mambo ya nje, kupitia kitengo chake cha INR, ilikuwa imeandika pingamizi kwamba yale mabomba ya alumini ambayo Iraki ilikuwa inayatafuta, na ripoti ikayachukua kuwa dalili ya silaha za nyuklia, hayaonyeshi mpango wa nyuklia, na wataalamu wa wizara ya nishati nao walikuwa na mashaka hayohayo. Pingamizi lilikuwemo kwenye ripoti. Kusoma vizuri kungetosha.

Ila hii njia ina mtego wake. Ripoti inaweza kuwa safi kila kipengele na ikakosea. Septemba 1962 ofisi ya Kent ileile ilikadiria kwamba Wasovieti hawaelekei kuweka makombora ya nyuklia Kuba, hoja zikiwa zimepangwa vizuri, kwamba Moscow haijawahi kufanya kitu cha hatari namna hiyo nje ya eneo lake. Tarehe 14 Oktoba ndege ya U-2 ikapiga picha za makombora. Na kuna mtego mwingine mbaya zaidi kwa maoni yangu: watu wakishajua wanapewa maksi kwa kuandika maelezo mbadala, wataandika aya ya maelezo mbadala kila ripoti, iwe walifikiria au hawakufikiria. Miaka mitano baadaye una mafaili mazuri ya kusoma na hujui kama utabiri umeboreka hata kidogo.

Ndo maana sikubaliani na wanaosema njia hii inatosha peke yake. Ni nzuri kwa kufundishia watu, na ni nzuri pale tukio ni moja na halitarudi. Lakini mwisho wa yote mwenye kuamua alinunua utabiri, na utabiri una jibu lake.

Kumuuliza anayesoma

Fomu inapelekwa kwa mkubwa, ripoti ilikufaa, ilifika kwa wakati, ina unachokihitaji. Kwa mambo mawili tu hii inafaa, wakati na uhusiano wa ripoti na maamuzi yaliyo mezani, maana utabiri sahihi uliofika baada ya kikao hauna faida kwa mtu. Zaidi ya hapo usiitumie. Mkubwa anapenda ripoti inayokubaliana naye, ni ubinadamu, na ofisi ikishaanza kupimwa kwa kuridhika kwake itajifunza haraka kumpa anachopenda.

Tume baada ya maafa

Hii ndo inayojulikana na wengi kwa sababu inatangazwa. Agranat kule Israeli baada ya vita ya 1973, ikapendekeza Zeira aondolewe. Butler Uingereza mwaka 2004, Silberman na Robb Marekani mwaka 2005, zote hasa kuhusu Iraki. Zina nguvu ambayo njia nyingine hazina: zinaita mashahidi, zinafungua mafaili ya siri, zinaona nani alimwambia nani nini lini. Bila tume tusingejua habari za Curveball kwa undani ule.

Lakini kama kipimo cha ubora wa utabiri, tume ni kipimo kilichopinda. Haiundwi tume kwa makadirio yaliyopatia. Kwaiyo unasoma mafaili ya makosa tu, unakuta kwenye yote wachambuzi walikuwa na dhana yao wakaing'ang'ania, unahitimisha dhana ndo iliyowaponza, wakati kwenye mafaili mia ambayo hakuna aliyeyafungua walikuwa na dhana vilevile na wakapatia. Alafu kuna hili la kujua mwisho wa hadithi. Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba mtu akishaambiwa kilichotokea, anaona kilikuwa dhahiri tangu mwanzo, na hata ukimwomba afikirie kama vile hajaambiwa hawezi kujitoa. Wajumbe wa tume ni binadamu haohao.

Mashindano ya utabiri nayataja kwa kifupi tu. Kuanzia 2011 taasisi ya utafiti ya kiintelijensia ya Marekani, IARPA, iliendesha mashindano ya miaka kadhaa, maelfu ya watu wa kawaida wakitabiri mambo ya dunia kwa namba, timu ya Philip Tetlock na Barbara Mellers ikaongoza kwa mbali. Ni njia ya matokeo ileile ila umeongeza mtu wa nje wa kulinganisha naye, na hicho ni kitu kikubwa, kwa sababu alama 0.21 peke yake haikwambii kama maswali yalikuwa mepesi au magumu. Shida ni kwamba mashindano yanataka maswali yenye jibu safi ndani ya miezi, na maswali makubwa ya mkubwa wako mengi hayako hivo.

Tuzijaribu zote kwa jambo lililotokea hapahapa

Novemba 1914, vita kuu ya kwanza, Waingereza walileta kikosi kutoka India kama watu 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken kuja kuichukua Tanga kutoka kwa Wajerumani. Makadirio waliyokuja nayo ni kwamba mji hautatetewa kwa nguvu. Tarehe 2 meli ya kivita Fox ikaingia kwanza kuwaambia Wajerumani makubaliano ya kutopigana yamevunjwa, muda ukapita, na muda huo Paul von Lettow-Vorbeck akaanza kuleta askari kwa treni kutoka upande wa Moshi. Waingereza wakashukia Ras Kasone, wakajaribu tarehe 3 wakarudishwa, wakapigana kwa nguvu zote tarehe 4, nyuki nao wakachafuka wakawashambulia watu wa pande zote mbili, na tarehe 5 wakapanda meli wakaondoka. Waliokuwa wanatetea walikuwa kama elfu moja tu.

Njia ya matokeo inasema nini? Makadirio moja, yamekosea, na hakuna namba, kwaiyo huwezi hata kujua yamekosea kwa kiasi gani. Kama mtu alikuwa na asilimia 60 kichwani hilo ni kosa la kawaida la kazi, kama alikuwa na 99 ni balaa, na karatasi haitofautishi. Kwa tukio hili moja njia hii ni dhaifu.

Kumuuliza mkubwa? Aitken asubuhi ya tarehe 2 angejaza fomu ameridhika kabisa. Alishakuwa na imani kwamba askari wake watamaliza kazi haraka, na maofisa wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, waliokuwa wanawafahamu askari wa upande wa pili walipomtahadharisha hakuwatilia maanani.

Tume? Baadaye alishushwa cheo, lawama zikamkalia mtu mmoja. Hilo linatuliza watu kule London ila halisemi makadirio mengine ya ofisi ileile yalikuwaje.

Njia ya kukagua kazi ndo inayong'aa hapa. Reli ya Tanga mpaka Moshi ilikuwa imeshakamilika kabla ya vita, ipo kwenye ramani, hakuna siri. Mkaguzi angeuliza swali moja: haya makadirio ya mji kutotetewa yanadhani askari waliopo leo ndo watakaokuwepo kesho, je reli ikiwaleta wengine? Dhana yote ya ile ripoti ilikuwa inakaa juu ya jibu la swali hilo, na meli ilipoingia kutoa notisi ikaipa ile reli saa za kufanya kazi. Ukienda leo Ras Kasone ukatembea mpaka ilipo stesheni utaona umbali wenyewe ulivyo mfupi, na jinsi ambavyo kila saa waliyopoteza ilikuwa ni behewa jingine linashusha watu.

Kwaiyo uchague ipi

Kama ofisi yako inatoa au inapokea makadirio mengi, kumi na kuendelea kwa mwezi, chagua njia ya matokeo iwe ndo uti wa mgongo. Nasema bila kusita. Ndo pekee inayohesabu yaliyopatia na yaliyokosea kwa haki sawa, ndo pekee inayoweza kukwambia watu wako ni waoga au wanajiamini kupita kiasi, na gharama yake ni faili la eksel na mtu mmoja mwaminifu asiye mwandishi wa ripoti wa kusema kilitokea au hakikutokea.

Kama unashughulika na maswali machache makubwa, vita ipo au haipo, serikali ya jirani itaanguka au haitaanguka, tegemea kukagua kazi, na ukague kabla ripoti haijaenda juu. Hapa usidanganywe na aliyepatia mara ya mwisho, mkumbuke Zeira.

Ukiwa na nguvu ya kufanya mbili, fanya hizo mbili pamoja, alafu baada ya mwaka linganisha: ripoti zilizopata maksi nzuri kwenye ukaguzi, alama zao za Brier ni nzuri pia? Kama hakuna uhusiano basi orodha yako ya ukaguzi inapima uandishi tu, ibadilishe. Fomu ya bosi ibaki na yale maswali mawili tu, la wakati na la uhusiano wa ripoti na maamuzi. Tume waachie bunge.

Kazi kubwa itakuwa kwenye kuandika swali. Siyo "hali ya mpakani itakuwaje baada ya uchaguzi wa Kenya", hilo halina siku ya kujibiwa. Andika "je, kituo cha Horohoro kitafungwa kwa magari ya mizigo kwa zaidi ya saa 48 mfululizo kabla ya tarehe 31 Desemba". Ina mahali, ina muda, ina mwisho, na watu wawili wasioelewana kisiasa watakubaliana jibu. Swali kubwa la bosi livunje kwenye maswali madogo sita saba ya namna hii, hayatalimaliza lote ila yataonyesha upepo unaelekea wapi, na kila moja lina alama yake.

Na bosi asiyetaka kuona asilimia kwenye ripoti yupo, tena wengi, anasema namba zinaleta uhakika wa uongo. Usigombane naye. Kwenye ripoti yake weka maneno, ila maneno yatoke kwenye jedwali mlilokubaliana na jedwali libandikwe nyuma ya ripoti, na kwenye daftari la ndani kila mchambuzi aandike namba yake mwenyewe kabla hawajakaa kikao cha kukubaliana, maana baada ya kikao wote watakuwa na namba ya mkubwa wao. Daftari likishafika makadirio mia hivi ndo ugawe mafungu, yaliyopewa 60 weka pamoja, 70 pamoja, 80 pamoja, uone kila fungu limetokea mara ngapi. Chini ya hapo namba bado zinayumba, usimpandishe wala kumshusha mtu kwa ajili yake.